Pete Juu ya Kioo

Zahoro alikuwa na simu mbili, na Mtaa wa Aggrey wote ulijua moja tu.

Hiyo iliyojulikana ilikuwa kitochi cha vitufe, kimefungwa raba ya njano ili betri isichomoke, na alikitoa mbele za watu kwa makusudi, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. "Mimi simo kwenye mambo yenu ya kuteleza vidole," aliwaambia mawinga wenzake. Ya pili, ya kioo, iliyopasuka pembeni, ilikaa ndani ya mfuko wa kitambaa aliouning'iniza begani pamoja na kanzu ya Ijumaa na chupa ya maji. Ndani ya simu hiyo Zahoro hakuwa Zahoro. Alikuwa Msema Bila Chumvi, wafuasi elfu sita na ushee, picha yake ngumi iliyokunjwa, na hapakuwa na jambo mjini ambalo hakuwa na maoni nalo. Bando linaloisha kabla hujamaliza kusoma ujumbe wa kukuambia limeisha. Makato ya kutuma hela, makato ya kupokea hela, makato ya kuuliza kama hela ipo. Mikopo ya kwenye simu, ile ambayo ukichelewa siku mbili wanampigia mama mkwe wako. Na zaidi ya yote, watu wenye mishahara wanaoamka asubuhi kuwashauri vijana waache kutafuta ajira, wajiajiri.

Shule aliishia darasa la saba. Mengine aliyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, akasoma polepole, na hakusahau. Mwaka ule vibanda vilipovunjwa, mwaka ambao wengi sasa wanausimulia kama mvua kubwa iliyokwisha kupita, Zahoro angeweza kukwambia yule bwana aliyesimama nyuma ya pikapu kusoma tangazo alivaa shati la rangi gani, na kwamba alimaliza kwa kusema, "Ni kwa faida yenu." Miaka ikaenda, watu wakazeeka, na maneno hayo yalikuwa bado hayajamshuka kooni.

Kibanda chake kilikwenda siku hiyo. Ndipo akawa winga.

Winga, kwa asiyeijua Kariakoo, ni mfanyabiashara asiye na duka wala mzigo. Anacho mdomo, miguu na kujuana. Anamdaka mteja barabarani, anamsikiliza shida yake, anamwingiza kwenye duka lenye kitu anachokitaka, na juu ya bei ya duka kinawekwa chake yeye, cha juu. Siku asipouza, kashinda njaa. Mshahara hana, likizo hana, na akiugua hakuna ofisi itakayotuma mtu kumjulia hali.

Kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Mteja yupo katikati, winga huku, mwenye duka kule, na cha juu lazima kipangwe hapo hapo bila mteja kusikia. Katika duka la Heriel, mzee wa Kimachame aliyeuza simu na spika, na ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi, walipanga kwa kioo. Zahoro alivaa pete ya fedha ya marehemu baba yake. Akiingia na mteja, akiegemea kaunta na kusema, "Mangi, mwonyeshe dada hiyo spika," pete inagonga kioo. Mara moja ni elfu tano juu. Mara mbili ni kumi. Ukucha ukikwaruza, mteja hana hela, anatalii tu, usiwachoshe vijana kupanda ngazi za stoo. Na kiganja kikilazwa juu ya kioo, kimya, maana yake huyu usimwongeze kitu, mpe bei yako.

Kiganja kililazwa kwa ajili ya bibi aliyetoka hospitali na bahasha ya eksirei kwapani. Kililazwa kwa mwanafunzi anayehesabu sarafu. Zahoro alikuwa amesimama duka lile miaka kumi na minne, lakini kiganja hakikuwa chake. Kilibuniwa na Mwanamkuu.

Mwanamkuu alikuwa winga wa pili wa duka lile, mjane wa Ilala mwenye watoto wawili shuleni. Zahoro ndiye aliyemwingiza kazini, miaka tisa nyuma, akamfundisha pete. Wiki ya tatu tu mwanamke akamwambia, "Kaka Zahoro, kuna mtu ukigonga kioo kwa ajili yake unajisikia umemgonga yeye kichwani. Tuwe na kitu cha watu hao." Siku hiyo hiyo akaulaza mkono wake, hina mpaka kwenye kucha, juu ya kaunta, na Mangi akaelewa bila kuambiwa. Tangu hapo wakawa wanafanya hivyo, na hakuna duka jingine la mtaa ule lililokuwa na kitu hicho.

Sasa, siku ya mvua.

Ilikuwa masika, maji yamejaa Aggrey mpaka Mtaa wa Likoma, mteja hata wa kuuliza njia hakuna. Zahoro alijibanza kwenye ngazi za ghorofa moja, akatoa simu ya kioo, akafungua. Cha kwanza kukutana nacho kilikuwa uso wa Hillary. Huyu Hillary alijiita kocha wa fedha. Alirekodi video zake ndani ya gari lililosimama, mkanda kaufunga, na watu laki tatu walimsikiliza akiwaambia kwamba umaskini ni tabia. Siku hiyo alikuwa ameandika:

"Tuambiane ukweli. Winga wa Kariakoo ni uvivu uliovaa viatu. Mtu mzima anasimama mlangoni kwa mtu kutwa nzima. Simu anayo, intaneti ipo. Badilisha fikra."

Chini yake watu walikuwa wamekusanyika kama nzi kwenye utumbo. Waambie kocha. Wezi wale. Mimi walinipiga elfu ishirini kwenye chaja. Zama zao zimekwisha, siku hizi unaagiza ukiwa umelala. Kisha mmoja, picha yake mtu aliyekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, akauliza: "Kwani wanafanya kazi gani hasa? Si kuongea tu?"

Kuongea tu.

Zahoro aliyasoma maneno hayo mara tatu. Akawakumbuka wote waliowahi kumwambia kitu cha namna hiyo, kwa majina na kwa miaka. Akakaa kwenye ngazi yenye maji, akaandika dakika arobaini, kidole kikikwama kwenye ule ufa wa kioo.

Aliandika vizuri, lazima isemwe. Aliandika kuhusu miguu inayovimba saa nane mchana. Aliandika namna winga anavyomsoma mtu kwa viatu, kwa anavyoshika mkoba, kwa lafudhi, akajua ametoka mkoa gani na hela ameificha wapi, yote kabla hajasema karibu. Kisha, kwa sababu yule wa kiyoyozi alitaka kujua ni kazi gani hasa, akamwonyesha. Akaeleza pete. Moja, mbili. Akaeleza ukucha. Akaeleza na kiganja: "Yupo mwenzetu mmoja, mwanamke, ndiye aliyetufundisha kulaza kiganja kwa ajili ya wanyonge. Kocha, katika video zako zote za utajiri, umewahi kulaza kiganja hata siku moja?"

Akatuma. Mvua ilipokata, laiki zilikuwa mia nne. Alasiri, elfu tatu. Jioni anafunga mfuko kurudi nyumbani, elfu nane. "Hii ndiyo elimu," waliandika. "Heshima kwenu mawinga." Zahoro alitembea kwenye tope huku kifua kimejaa. Tangu vibanda vivunjwe, hakuwahi kuona watu elfu nane wakisimama upande wake.

Hakuona, au hakutaka kuona, kwamba alichowapa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho.

Hillary hakujibu. Hakubishana. Alikaa siku mbili, kisha akatoa video: "Siri ya mawinga yafichuka. Ukisikia kioo kinagongwa, kimbia." Maneno ya Zahoro yalikuwa pale, yamezungushiwa duara jekundu, pete na ukucha. Sehemu ya kiganja ilikuwa imekatwa. Sehemu ya miguu inayovimba pia.

Jumatatu yake mama mmoja wa Upanga, mkoba wa ngozi, miwani ya jua, alisimama mbele ya Zahoro.

"Nataka spika ya maana, ya sebuleni. Unipeleke. Lakini mikono mfukoni."

"Mikono?"

"Yote miwili, kaka. Nimeona kwenye simu."

Zahoro aliingia dukani kwa Mangi mikono mfukoni, kama mtoto anayeogopewa kudokoa sukari. Mangi alimtazama mikono, akamtazama usoni, akataja bei ya duka. Mama akalipa. Nje akampa Zahoro mia tano, ya soda, akamwambia, "Unaona? Inawezekana kabisa kuwa mwaminifu."

Kufikia Jumatano walikuwa wanakuja vijana wasionunua kitu, wanagonga kioo kwa funguo za pikipiki, wanacheka, wanarekodi. Mawinga waliokuwa wakirudi nyumbani na elfu ishirini walirudi na nauli. Mmoja alipigwa kofi na mteja mbele ya duka la nguo, na hata huyo hakuwa wa kugonga kioo, kule wanatumia kukohoa.

Abbasi, mwenyekiti wa mawinga wa mtaa, aliwaita wote uchochoroni nyuma ya ghorofa, pale wanapokunjia maboksi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na siku hiyo hakuwa na masihara.

"Kila duka lina ishara yake," alisema. "Mimi nimeitafuta hiyo komenti yenyewe, sio ya kwenye video, nikaisoma mpaka mwisho. Kuna kiganja mle. Kiganja kipo kwa Mangi Heriel peke yake. Na pale wapo wawili."

Watu wakageuka.

"Zahoro simu hana," mtu akasema.

"Anayo," Abbasi akajibu. "Anayo hiyo maiti yake."

Wakacheka. "Huyo hata ujumbe wa salio anasomewa," mwingine akaongeza, na Zahoro, ambaye alikuwa ameutunza uongo huo kwa miaka mingi kama mtu anayetunza kuku wa mayai, akatabasamu pamoja nao.

Mwanamkuu alikuwa ameinama anamjibu mteja wa Morogoro. Yeye picha za mizigo aliziweka kwenye status kila asubuhi, na mchana kutwa simu haikumtoka mkononi. Aliponyanyua kichwa akakuta macho yote juu yake.

"Mwana," Abbasi akamwambia, "wewe ndiye mwenye simu."

"Kila mtu hapa ana simu, Abbasi. Hata wewe unatuwekea nyama choma kila Jumapili tuitamani."

"Mimi sijajisifu. 'Yupo mwenzetu mmoja, mwanamke.' Nani mwingine angemwandikia mwanamke wa mtaa huu sifa zote hizo, na bado hamtongozi?"

Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa na meno. Mwanamkuu hakucheka. Akamtazama Zahoro, wala hakuwa na wasiwasi, kwa sababu Zahoro ndiye aliyekuwa mdomo wao siku zote. Mgambo wakija, Zahoro anasema. Mwenye duka akidhulumu, Zahoro anasema, na anataja tarehe.

"Kaka Zahoro, waambie."

Zahoro aligusa kitochi chake mfukoni. Begani, ndani ya mfuko wa kitambaa, ile nyingine ilitetemeka, mtu kalaiki.

"Tusihukumu haraka," akasema.

Basi. Mtu mwenye maoni ya kila bei na kila mkopo na kila waziri, hayo ndiyo aliyoyapata. Mwanamkuu akaendelea kumtazama kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi iishe, kisha akashusha macho.

Abbasi alimtoa kwenye kundi la mawinga la kwenye simu hapo hapo, kidole kimoja, kila mtu akasikia simu yake ikilia kuarifu. Maduka yakaambiwa asipewe bei ya winga. Lililobaki ni la Mangi, na Mangi alisema atatoa neno Ijumaa, baada ya swala. Kwa Mwanamkuu duka la Mangi ndilo lilikuwa unga na ada za watoto, na kila aliyekuwepo alilijua hilo.

Kabla ya Ijumaa Zahoro alijaribu njia ya mkato. Aliingia kwenye akaunti, akaandika: "Mnamwonea mtu asiye na kosa. Msema Bila Chumvi si yule mwanamke mnayemdhania." Majibu yalikuja kabla hajafunga simu. Umejuaje kuna mwanamke anayedhaniwa? Dada tulia, tumeshakujua. Kumbe kweli ni yeye. Kesho yake Abbasi alitembea na maneno hayo duka kwa duka kama mtu mwenye hati ya mahakama.

Ijumaa Zahoro aliswali safu ya nyuma na hakusikia hotuba. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Duka gani lingempokea? Angekuwa winga wa nani, wa nini? Alipotoka msikitini hakubadilisha kanzu. Alikwenda nayo moja kwa moja mpaka kwa Mangi, na njiani hakumsalimia mtu, kwa kuogopa ujasiri usimwagike.

Dukani palikuwa na taa mpya, duara kubwa jeupe juu ya miguu mitatu, na nyuma yake Brightness, binti wa Mangi aliyemaliza chuo mwaka jana, alikuwa akipanga spika kama anazipiga picha za harusi.

"Shikamoo anko."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanamkuu alikuwa amekwisha kufika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani, amevaa vizuri kama mtu aliyeitwa usaili. Chini, kando ya miguu yake, palikuwa na bango limekunjwa.

Zahoro hakungoja kukaribishwa. Akafungua mfuko wa kitambaa, akatoa simu ya kioo, akaiweka juu ya kaunta. Pete ikagonga, bila kukusudia, na Mangi akashtuka kidogo kwa mazoea.

"Mangi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Msema Bila Chumvi. Fungua mwenyewe usome. Mwana hana kosa hata la nukta. Nitoe mimi, yeye muache."

Heriel alivaa miwani. Alisoma kwa muda mrefu, akiteremsha kwa kidole gumba, na kadiri alivyosoma mabega yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka, na wala halikuwa cheko baya. Ndilo lililoumiza.

"Zahoro. Na kitochi chote hicho?"

"Nimesema ni mimi."

"Nimesikia. Lakini nani kakwambia natoa mmoja?" Akavua miwani. "Natoa winga. Wote. Jumanne usiku, mmeshaondoka, Bright kawasha hiyo taa yake hapo, kaenda laivu saa moja na nusu, kauza spika thelathini na nane. Thelathini na nane, Zahoro, na hakuna aliyevimba mguu. Nilikuwa nalifikiria tangu mwaka jana. Ila ningeanzia wapi? Tumekula pamoja miaka kumi na minne. Watu wangesema Mchaga kawatupa." Akaisukuma simu taratibu kumrudishia. "Umenisaidia sana, bwana. Kweli nakushukuru."

Brightness akalikunjua bango, apime kama litaenea mlangoni. Herufi zilikuwa nyekundu na kubwa. BEI MOJA. HATUNA WINGA. HAPA HATUGONGI KIOO.

Zahoro alilisoma, halafu macho yake, yaliyozoea, yakaenda yenyewe kwenye vibandiko vipya vya bei vilivyobandikwa kwenye spika. Ile ya sebuleni, ambayo mama wa Upanga alilipa elfu themanini na tano mikono ya mtu ikiwa mfukoni.

"Hii imeandikwa tisini na tano."

"Bei moja," Mangi akasema.

"Juzi ilikuwa themanini na tano. Hizi mbili kagonga nani?"

Brightness akaitazama simu yake. Mangi akakifuta kioo kwa leso mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Soko linapanda, Zahoro. Wewe si unaandika mambo ya uchumi?" Kisha, kwa sauti ya kusuluhisha, kwa sababu hakuwa mtu mkatili na alitaka mambo yaishe kwa amani, "Bright, si ulikuwa unatafuta mtu wa kukuandikia maelezo ya kwenye ukurasa? Mtu anajua Kiswahili huyu."

"Tungeweza kumpa bando la mwezi," Brightness akasema. "Kwa kuanzia."

Mwanamkuu alikuwa bado kwenye kiti cha plastiki. Sasa akasimama.

"Kaka Zahoro. Huyo kocha alikulipa shilingi ngapi?"

"Hajanilipa."

"Na wenye mtandao?"

"Wale hawalipi, Mwana."

"Hata bando hawakukupa?"

"Bando nilinunua mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha na jumla inakataa.

"Ungeniuza kwa hela ningekuelewa. Njaa naijua. Lakini umenigawa bure."

"Nilikuwa nawatetea. Walisema hatufanyi kazi. Walisema tunaongea tu."

"Najua. Na pale uchochoroni, nilipokwambia waambie, ulikuwa unamtetea nani?"

Mwanamkuu hakusubiri jibu. Akaenda kwenye kaunta, akaulaza mkono wake juu ya kioo, vidole vimenyooka, hina imepauka. Alimtazama Mangi machoni alivyofanya mara elfu kwa ajili ya watu wengine. Mangi akageuza uso. Mkono ukakaa pale kidogo, kisha ukaondoka, na juu ya kioo pakabaki alama yake ya jasho. Akachukua mkoba akatoka. Brightness akasogeza bango ili apite.

"Sasa vipi kuhusu hilo la bando?" Mangi akauliza.

"Bando ninalo," Zahoro akasema, naye akatoka.

Alitembea bila kujua anakokwenda mpaka akajikuta Mchafukoge, kwenye benchi la muuza kahawa chini ya ghorofa lenye nguo zilizoanikwa kila dirisha. Akaagiza kahawa, hakuinywa. Hasira ilikuwa imemjaa, na kwa hasira Zahoro alijua dawa moja tu. Akatoa simu ya kioo hadharani, kwa mara ya kwanza, kwani alikuwa anamficha nani sasa.

Aliandika kuhusu vibandiko. Aliandika kwamba cha juu hakikufa, kimehama mfuko. Kwamba ile elfu kumi iliyokuwa ikimlisha mjane na watoto wawili sasa analipwa mwenye duka na inaitwa uwazi. Kwamba mteja analipa ile ile na anashangilia. Ulikuwa ukweli mtupu, pengine wa maana kuliko yote aliyowahi kuandika. Akangoja. Nusu saa: laiki kumi na moja. Mtu mmoja akaandika, "Wivu huo." Mwingine, "Ndefu mno, fupisha."

Kahawa ilikuwa imepoa. Muuza kahawa akamuuliza kama amwongezee, hakusikia. Maneno mengine yalikuwa yanamzunguka kichwani, mafupi, yaliyokamilika, hayahitaji kuongezwa wala kupunguzwa. Alijua ni ya nani. Alijua yalitoka wapi na saa ngapi. Hakuna mtu Dar es Salaam mwenye kumbukumbu ya maneno ya watu kumzidi yeye.

Akaandika: "Ungeniuza kwa hela ningekuelewa. Njaa naijua. Lakini umenigawa bure." Jina hakuweka. Akatuma.

Hii haikungoja. Mia mbili, mia saba, elfu. Watu wakaweka mioyo iliyovunjika. Huu ni ubeti. Umesema maisha yangu yote, Msema. Naomba niichukue niweke status. Hillary mwenyewe, kocha wa fedha, alipita akaacha mikono miwili inayopiga makofi. Zahoro alisoma moja baada ya nyingine, na kifua, kile kile, kikaanza kujaa.

Zilipofika elfu tatu likatokea jina analolijua. Picha ilikuwa spika nyeusi na namba ya simu chini yake. Mwanamkuu alikuwa ameandika swali moja.

"Na haya nayo, kaka Zahoro, umelipwa ngapi?"

Watu hawakujua ni nani, wakadhani ni utani. Wakaweka vicheko. Swali lenyewe likaanza kupata laiki zake, thelathini, sitini.

Kulikuwa na alama tatu ndogo kwenye kona ya juu ya alichokiandika, na chini yake neno Futa. Lilitaka kugongwa mara moja tu. Kidole chenye pete kikasimama juu ya kioo kilichopasuka, kikasimama, na laiki zikaendelea kupanda.